Usajili unafungwa: nirisiti mwaka huu au nisubiri?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka Januari, swali linaloongoza kwenye simu yangu si la Utatu Mtakatifu wala la mwisho wa dunia. Ni hili: "Frateri, nirisiti mwaka huu au nisubiri mwakani?" Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, linarudi tena. Na lipo kundi la tatu, wale wanaosoma vituo vya jioni, ambao mjomba amewaambia wasipoteze muda: mwaka huu QT, mwakani kidato cha nne, biashara imekwisha.

Leo tulisome swali hili kama somo la maadili, kwa sababu ndivyo lilivyo. Hakuna amri ya Mungu inayosema ufanye mtihani Novemba hii au ile. Hutaungama kwa kuchagua mwaka usiofaa. Na hapo ndipo ugumu ulipo: pale ambapo amri haisemi ndiyo wala hapana, kinachotakiwa ni fadhila ya busara. Wengi wetu tunaifahamu busara kama sifa ya wazee wenye mvi, wakati ukweli ni kwamba kijana wa miaka kumi na saba anaihitaji mwezi wa pili kuliko babu yake.

Kwanza tukumbushane mambo yenyewe, maana kuna watu wanasali novena kwa jambo ambalo hawajalielewa. Kuingia kidato cha tano unahitaji angalau credit tatu, yaani C tatu au zaidi, na masomo ya dini hayahesabiwi. C ya kidato cha nne inaanzia alama 45, D inaanzia 30. Anayerudia anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, PC kama tunavyosema mtaani, kwenye kituo ambacho namba yake inaanza na P, si S kama ya shule. Mtihani ni Novemba, lakini usajili wake ni mwanzoni mwa mwaka. Ukichelewa kuna faini, ukichelewa zaidi dirisha linafungwa na hakuna wa kumlilia. Kwa wa kidato cha sita, mtihani ni Mei, na mlango wa chuo kikuu kwa kawaida unataka principal pass mbili zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayohusika na kozi. Tangazo la NECTA la mwaka husika ulisome mwenyewe. Usitegemee posti ya kwenye grupu la WhatsApp.

Sasa turudi kwa mwalimu wetu, Mtakatifu Thoma wa Akwino. Anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kuhukumu, halafu kuamuru, yaani kuliweka jambo kwenye utekelezaji. Tendo la tatu, anasema, ndilo kuu. Kwenye maelezo yake juu ya pupa anatumia mfano ninaoupenda sana wa ngazi. Akili iko juu, tendo liko chini, na katikati kuna vidato: kukumbuka yaliyopita, kuelewa yaliyopo, kuona yanayoweza kuja, kupima hoja, kuwa tayari kufundishwa na waliokutangulia. Anayeshuka kidato kwa kidato anafika salama. Anayeruka, anaanguka. Hiyo ndiyo pupa.

Ukiutazama mfano huo vizuri, utaona kuna namna mbili za kukosea: kuruka kutoka juu hadi chini, au kukaa juu ya ngazi miaka mitatu ukisema "natafakari".

Nitatoa mifano miwili kutoka parokia niliyowahi kufanya kazi za kichungaji. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wahusika wasitambulike. Binti mmoja wa kwaya alipata division four ya 26: C mbili, Kiswahili na Historia, na D tano. Alibakiza credit moja tu. Baba yake akasema jisajili leo, masomo yote saba. Shangazi yake wa mjini akasema mwache apumzike, aje anisaidie dukani, mwakani tutaona. Mwezi huo huo kijana mmoja wa VIWAWA alikuwa na F za Fizikia, Kemia na Hisabati, na D nne kwenye masomo mengine. Ndoto yake ni udaktari, na alikuwa ameshaazima hela ya ada ya mtihani ili afanye sayansi zote Novemba hiyo hiyo.

Ukiwauliza watu mtaani, watawapa wote wawili jibu moja. Ama "komaa, usikate tamaa", ama "tulia kwanza". Hayo si mashauri. Ni salamu.

Tulichofanya ni kumtafuta mwalimu mstaafu wa jumuiya ya jirani, mama mmoja mkali kidogo, akawapa wote mtihani wa miaka ya nyuma. Saa tatu kamili, simu mezani kwake, hakuna kutoka nje. Akasahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma. Binti akapata 41 ya Jiografia, bila kufungua daftari tangu Novemba. Kijana akapata 12 ya Fizikia.

Hapo mambo yakaanza kuonekana. Alama 41 iko hatua nne kutoka kwenye C. Alama 12 haiko mbali na C tu, iko mbali hata na D. Lakini mwalimu hakuishia hapo, akawauliza: kwa wiki una saa ngapi za kusoma? Siyo unazotamani, unazo. Kutoka Machi mosi hadi Novemba mosi ni wiki 35. Ukiwa na saa kumi kwa wiki, una saa 350. Ukiwa unauza duka kuanzia asubuhi mpaka saa tatu usiku na unabakiwa na saa mbili za Jumapili baada ya Misa, una saa 70. Bwana wetu katika Luka 14 anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama asije akachekwa na wapita njia kwa msingi usio na ukuta. Mara nyingi tunaisoma sehemu ile tukiwaza gharama ya kumfuata Kristo, na ni sawa kabisa. Ila tuone pia Yesu alivyochukulia kwamba msikilizaji wake anajua kupiga hesabu ya mfuko wa saruji.

Binti akajisajili mwaka ule ule, masomo mawili tu, Jiografia na Kiingereza, na kwa shangazi hakwenda. Kijana akasubiri. Kusubiri kwake hakukuwa kulala: alianza na Hisabati na Fizikia kuanzia vitabu vya kidato cha kwanza, tuisheni jioni mara tatu kwa wiki, na mchana akashika kazi kwa fundi umeme. Mwalimu alimweleza pia, na hili vijana wengi hawalijui, kwamba ufaulu wa D nne zisizo za dini unaweza kumwingiza mtu kwenye cheti katika vyuo vya kati kwa kozi kadhaa. Si za afya anazozitaka yeye, lakini mlango upo. Alikataa kwa sababu zake. Sikuona ubaya, kwa vile alikataa akijua anachokikataa.

Binti mwezi wa pili, kijana mwaka uliofuata. Majibu tofauti, na yote mawili yalikuwa ya busara. Umri haukuamua. Wenzao waliokwenda kidato cha tano hawakuamua. Kiukweli, ukiona sababu yako kubwa ni "nitaachwa na wenzangu", jua bado hujafika kidato cha pili cha ngazi.

Nikiongea na vijana kuhusu kuachwa na wenzao huwa nawasimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Wengi wanamjua kama askari aliyejeruhiwa mguu Pamplona mwaka 1521 akaongoka. Hawajui kilichofuata. Alipoamua kusoma ili azisaidie roho za watu, alikuwa ameshapita miaka thelathini, akaanza Kilatini huko Barcelona akikaa na watoto. Baada ya miaka miwili hivi akaenda chuo kikuu cha Alcalá. Huko akajirundikia masomo mengi kwa mara moja, bila mpangilio, na mambo hayakukaa kichwani. Mwaka 1528 alipofika Paris alikiona wazi kwamba msingi wake ni dhaifu kwa sababu ya haraka ile. Akafanya nini? Akarudi nyuma. Mtu mzima, karibu miaka thelathini na saba, akaketi tena na wavulana kusoma sarufi ya Kilatini. Mnajua wavulana walivyo, na mnaweza kukisia walivyomtazama.

Jambo dogo la kuongeza: ni huko Paris alikokuja kuishi chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri. Lakini alirudi darasani kwa kuwa hakuwa anaelewa, hakujua nani atalala kitanda cha pembeni.

Inyasi huyo huyo ametuachia kanuni ambayo mtu aliyepata matokeo mabaya aishike kama rozari. Wakati wa ukiwa wa kiroho, roho ikiwa gizani, nzito, haina hamu ya sala, usibadilishe maamuzi uliyoyafanya ulipokuwa na amani. Wiki ya matokeo ni wiki ya ukiwa. Ndiyo wiki watu wanachoma madaftari. Ndiyo wiki pia ambayo mwingine anajisajili masomo tisa kwa hasira ili "wanione". Wote wawili wanaongozwa na giza lile lile.

Utaniambia, "Frateri, dirisha la usajili linafunguliwa kipindi hicho hicho, giza litanisubiri?" Ni kweli, kalenda haina huruma. Ndiyo maana nasema wiki mbili, siyo miezi. Wiki ya kwanza usiamue chochote: nenda Misa, lala, kula, ongea na mtu mmoja unayemwamini. Wiki ya pili fanya pepa na hesabu ya saa. Kama bado umechanganyikiwa, Inyasi anashauri hivi: mfikirie mtu ambaye hujawahi kumwona, mwenye matokeo kama yako, saa kama zako, hela ya nyumbani kama yenu, amekuja kukuomba ushauri na wewe unamtakia mema tu. Ungemwambia nini? Basi jiambie hayo hayo. Nimewaona vijana wakilijibu swali hilo kwa sekunde kumi baada ya kuhangaika mwezi mzima.

Kuhusu wazazi. Hapa nakanyaga taratibu. Thoma anasema sehemu mojawapo ya busara ni kuwa tayari kufundishwa, hasa na wazee, kwa kuwa wameyaona mambo. Kwa hiyo baba akisema jisajili leo, usimwone mshamba. Mara nyingi nyuma ya neno lake kuna kitu ambacho hakisemi: mahindi yameuzwa, hela ipo sasa na mwakani huenda isiwepo. Hiyo ni hoja halali, iingie kwenye mizani. Lakini baba naye hana namna ya kujua kwamba Fizikia yako ni 12 kama hujamwonyesha. Yule kijana alimpelekea mzee wake ile karatasi yenye kalamu nyekundu, akaiweka mezani, akasema, "Baba, shikamoo. Naomba uione hii kabla hatujalipa." Mzee aliitazama muda mrefu. Halafu akauliza tuisheni ni shilingi ngapi.

Limebaki tendo la tatu, kuamuru. Katekisimu inatuonya kwamba busara isichanganywe na woga, na kuna "kusubiri" kwingi ambako ni woga uliovaa joho la busara. Thoma ana jina la kasoro hii pia: uzembe, mtu anayejua la kufanya na haliamuru litendeke. Utaitambua kwa kipimo rahisi: kusubiri kwenye busara kuna tarehe, kuna kitabu, kuna mtu anayekusahihisha. Ukisema "nitafanya mwakani" na huwezi kuniambia Jumatatu ijayo saa moja jioni utakuwa umekaa na kitabu gani, hujaamua bado. Dirisha likifungwa, litakuwa limekuamulia.

Kwa hiyo chukua karatasi leo. Andika masomo, si zaidi ya unayoweza kuyabeba. Andika mwezi wa mtihani. Andika siku ya mwisho ya usajili, na ada itakayotoka mfukoni kwa nani. Chini kabisa andika jina la atakayekuwa anakusahihisha, kisha mpigie simu kabla ya Jumapili.