Je, Kisichopungua Hakina Mwenyewe?

Limeenea neno siku hizi katika vinywa vya vijana wetu, na baadhi ya wazee nao wamelishika, nalo ni hili: "Wimbo wa mtandaoni si mali ya mtu. Nikiunakili, mwenyewe hapungukiwi na kitu, kwani wake ungalipo pale pale." Neno hili latamkwa kwa wepesi, kana kwamba limekwisha pimwa likaonekana sawa. Sisi twaona halijapimwa. Basi katika somo hili tumekusudia kulipima, wala si kwa ghadhabu wala kwa maneno ya kusikia, bali kwa kulitazama jambo lenyewe lilivyokuwa. Kwani asiyelijua jambo hawezi kulihukumu.

Kwanza yatupasa tufahamu wimbo wa siku hizi ni kitu gani. Zamani sauti ilikuwa na mwili. Mwaka 1928, Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kuimba mbele ya mashini, sauti yake ilichorwa katika sahani ya santuri kwa mfereji mwembamba, na aliyeitaka ilimlazimu ainunue sahani. Baadaye ikaja kanda. Kila kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyengine ilififia, na nakala ya nakala ya nakala ikawa ni mavumo matupu. Hivyo udhaifu wa chombo ulikuwa ni namna ya mlinzi juu ya haki ya mtu.

Mwaka 1982 ilipotoka sahani ya CD, mlinzi huyo aliondoka. Sauti iliandikwa kwa tarakimu: kila sekunde hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikiwa nambari yake. Nambari haififii. Mwenye kunakili sabini huandika sabini, na hapana tofauti baina ya nakala ya kwanza na ya elfu.

Lakini nambari hizo zilikuwa nyingi mno. Wimbo wa dakika nne huhitaji megabaiti 42 hivi, mzigo mzito kwa nyaya za simu za zama zile. Hapo mabingwa wa taasisi ya Fraunhofer katika mji wa Erlangen, Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walilichungua sikio la mwanadamu. Waliona ya kuwa sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, na sikio halitambui kilichofunikwa. Basi ya nini kukiandika kisichosikika? Wakakiacha. Kwa njia hiyo megabaiti 42 zikawa 4 tu, na mwaka 1995 faili za namna hiyo zikapewa jina la MP3. Hii ni elimu iliyopatikana kwa kazi ya miaka mingi, nasi hatuoni aibu kuisifu.

Kisha mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alitoa programu iliyoitwa Napster. Kazi yake yaelezeka kwa urahisi. Kila aliyejiunga alilifungua sanduku lake la nyimbo kwa wenziwe. Napster yenyewe haikuweka nyimbo, bali iliweka daftari la kuonyesha nani ana nini, na mwenye kutaka akachukua moja kwa moja kwa mwenziwe. Watu wakaingia kwa mamilioni. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule makampuni ya muziki yaliishitaki, na Aprili 2000 bendi ya Metallica nayo ikashitaki. Februari 2001 mahakama ya rufani iliona ya kuwa mwenye daftari, akiyajua yanayotendeka na akifaidika nayo, hawezi kusema hayamhusu. Julai 2001 Napster ikafungwa.

Insafu yatutaka tuseme na ya upande wa pili. Makampuni hayo nayo hayakuwa safi. Aliyependa wimbo mmoja mara nyingi alilazimika kununua sahani nzima. Na mwaka 2000 Serikali ya Marekani iliyataka makampuni makubwa matano yaache mapatano yaliyokuwa yakizuia bei ya sahani isishuke. Kisha, kuanzia Septemba 2003, yakawageukia watu wa kawaida majumbani mwao, na miongoni mwa walioshitakiwa alikuwamo mtoto wa miaka 12. Mwaka 2007, huko Minnesota, mtu mmoja aliamriwa alipe dola 222,000 kwa ajili ya nyimbo 24. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Na liko la kuzingatiwa zaidi. Mwezi wa Aprili 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka la mtandaoni, wimbo mmoja kwa senti 99 za dola. Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja. Hili latufunza ya kuwa wengi walioitwa wezi hawakuwa wezi kwa tabia. Walikosa mlango wa kuingilia, wakapita dirishani. Ulipofunguliwa mlango, walilipa.

Sasa turudi kwenye neno letu. Wasema mwenyewe hapungukiwi. Twamuuliza msemaji: mtu akijipenyeza katika jahazi liendalo Lamu, akafika bila ya kulipa nauli, jahazi limepungua nini? Halikupungua ubao, wala tanga halikuchanika, wala bahari haikukauka, na jahazi lingefika Lamu hata asingepanda. Je, nauli si haki ya nahodha? Hapana mwenye akili atakayesema si haki yake. Kwani abiria halipii mbao. Alipia kazi, na ujuzi, na hatari iliyochukuliwa na mwengine ili yeye afike. Na abiria wote wakifanya kama yule mmoja, msimu ujao hapatakuwa na safari.

Wimbo ni hivyo hivyo. Nambari hazipungui, ila ujira wa mtu ndio upunguao. Yuko aliyeyatunga maneno, yuko mpiga udi, yuko wa fidla, yuko wa ngoma, na kila mmoja ana jiko nyumbani kwake.

Wala tusidhani haya ni mambo ya Marekani peke yake. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa, na leo wimbo hushuka katika simu kwa sekunde chache. Twawaona vijana wenye vibanda wakimjazia mteja nyimbo kwa mamia katika simu yake, kwa shilingi chache. Tazama vyema jambo hili: mteja amelipa! Basi si kweli ya kuwa wimbo ni wa bure. Umeuzwa, ila aliyepokea fedha si aliyeutunga. Na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2001 yamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Mtu atasema: "Hata hizo programu za kusikiliza kwa malipo zampa msanii mdogo kidogo sana." Ni kweli. Fedha nyingi hugawanywa kwa kadiri ya usikilizwaji, na mwenye wasikilizaji wachache hupata kidogo. Lakini kupunjwa na mwengine si ruhusa ya kumnyima kabisa.

Basi yatupasa mambo matatu. La kwanza, tuulize wimbo ni wa nani kabla ya kuuliza wapatikana wapi. La pili, tupambanue baina ya mtunzi aliyeitoa kazi yake bure kwa ridhaa yake, ambaye kuichukua kwake ni kumheshimu, na yule ambaye hakutoa. La tatu, mlango wa kulipa ukiwapo, tupite mlangoni.

Vijana wetu wengi leo wanatunga, wanarekodi na kutangaza kwa simu hizo hizo. Anayenakili leo cha mwenziwe, kesho atakuwa na chake, naye atatamani kiheshimiwe. Wahenga walikwisha sema: mla cha mwenziwe na chake huliwa.