Somo: Mashine Ikinyamaza, Nyumba Itafanya Nini?



Wengi wetu tunalijua jina la Kicomi, kiwanda cha nguo cha Kisumu. Miaka ya 1990 mitumba ilijaa sokoni, pamba ikapungua shambani, na viwanda vingi vya nguo nchini vikafungwa. Rivatex ya Eldoret, iliyojengwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa imefungwa kufikia mwaka 2000. Lakini nyumba ilibaki. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua, na mwaka 2019 ikazinduliwa tena ikiwa na mashine mpya.

Je, nyumba ya kiwanda hujengwaje hata idumu kuliko kazi yake? Tuangalie moja ya kale sana, iliyojengwa mwaka 1797 mjini Shrewsbury, Uingereza, kwa kusokota nyuzi za kitani. Siku zile viwanda vilikuwa na nguzo na sakafu za mbao. Vumbi la nyuzi likikutana na mafuta ya mashine na taa za moto, basi, jengo lote linateketea. Mchoraji, Charles Bage, aliziacha mbao. Alisimamisha nguzo za chuma, akalaza boriti za chuma juu yake, na kati ya boriti akajenga matao ya matofali ya kubeba sakafu. Lilikuwa jengo la kwanza duniani lenye kiunzi cha chuma namna hiyo.

Kazi ya kitani iliisha mwaka 1886. Mwaka 1897 madirisha mengi yalizibwa, na nyumba ikatumiwa kuotesha shayiri ya pombe hadi 1987. Baadaye ikakarabatiwa, na mwaka 2022 ikafunguliwa kwa watu wote.

Sasa turudi kwetu. Kikundi kinajenga kijumba cha mashine ya kusaga, kinatosha injini tu. Injini ikifa, hicho kijumba kinabaki cha popo. Kabla hatujachimba msingi, tujadiliane:

1. Mashine ikiondoka, chumba kitafaa stoo ya mahindi au mikutano?
2. Dizeli itawekwa wapi, mbali na magunia na moto?
3. Bati likivuja, pesa za kutengeneza zitatoka mfuko gani?
4. Ploti ni ya nani, na mapatano yameandikwa?

Swali la nne msiliruke. Nyumba imara juu ya ploti yenye ugomvi haitamfaa mtu.