Somo la Saba: Upatanisho wa Kisarufi wa Majina ya Samaki

Utangulizi
Mwanachuo afanyaye mazoezi ya kufundisha Kamwokya, jijini Kampala, huenda akasikia darasani: *Samaki hii inauzwa sokoni.* Kosa hili lina chanzo. Katika Kiganda, nomino *ekyennyanja* hupatanishwa kwa *ki-*, kwa kufuata umbo lake. Katika Kiswahili sanifu, uhai hutangulia umbo: *Samaki huyu anauzwa sokoni.* Mwalimu asipoitambua tofauti hii, wanafunzi wake watalirithi kosa.

Kifungu
Furu wa Ziwa Victoria hufanana kwa umbo, lakini vinywa vyao hutofautiana. Furu alaye konokono ana taya fupi lenye nguvu, na meno yake ya kooni ni butu, huvunja gamba. Akwanguaye mwani juu ya mawe ana safu nyingi za meno madogo. Awindaye samaki wenzake ana mwili mrefu na mdomo mpana. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na chakula chake, mamia ya spishi ziliishi pamoja. Katika miaka ya 1950 sangara aliingizwa ziwani. Yeye hakuchagua: aliwala furu wa kila namna, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 spishi nyingi zilikuwa zimetoweka au kuadimika.

Maelezo
1. Majina *furu*, *sangara* na *konokono* huchukua upatanisho wa A-WA, hata samaki akiwa amekwisha kukaangwa.
2. Viungo vya mwili hubaki katika ngeli zao. Linganisha:
 (a) mdomo wa furu uliojeruhiwa
 (b) mdomo wa furu aliyejeruhiwa
 Katika (a) jeraha liko mdomoni. Katika (b) furu ndiye mwenye jeraha, popote lilipo. Viambishi vya upatanisho vimebadili maana.
3. *Spishi* na *aina* hutaja makundi, si viumbe wenyewe. Kwa hiyo hubaki I-ZI: *spishi zimetoweka*, bali *furu wametoweka*.

Zoezi
1. Chagua neno sahihi: Ningu (hii, huyu) hupanda mto wakati wa mvua.
2. Andika kwa wingi: Furu mwenye mdomo mpana amemla samaki mdogo.
3. Sahihisha, kisha ueleze kanuni: *Sangara kubwa imevuliwa.*