Umeme Ukikatika, Samaki Wakaoza: Namna ya Kudai Fidia

Kijitabu cha elimu kwa kaya za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Katika nyumba nyingi za Igombe, Kayenze, Igogo na Sengerema, friza ndiyo duka. Humo mna sangara na sato wa kuuza kesho, barafu za wanafunzi, na maji ya kandoro kwa wapita njia. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi kesho yake jioni, kinachooza ni mtaji, tena aghalabu mtaji wa mkopo wa kikoba. Watu wengi hulalamika barazani, wakatupa samaki, maisha yakaendelea. Wachache wanaoandika barua huandika wiki tatu baadaye, wakati hakuna tena cha kuonyesha.

Tuanze na ukweli usiopendeza. Hapa kwetu usitegemee malipo yanayokuja yenyewe kwa sababu tu umekaa gizani saa nyingi. Uswidi wanayo sheria ya namna hiyo: baada ya dhoruba ya Januari 2005 kuangusha nyaya na kuwaacha maelfu ya watu gizani kwa siku nyingi, waliweka utaratibu ulioanza 2006, kwamba kukatika kwa umeme kunakozidi saa 12 kunamlazimu msambazaji kumlipa mteja, bila mteja kuthibitisha kwamba alipoteza kitu. Kwa maoni yetu hata sisi tungefaidika na utaratibu wa aina hiyo. Kwa sasa, mteja ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mambo matatu: kwamba palitokea kosa au uzembe, kwamba alipata hasara, na kwamba hasara hiyo ilitokana na kosa hilo.

Umeme umekatika kwa nini?

Jibu la swali hili ndilo linaloamua kama madai yako yana miguu. Mgao wa umeme uliotangazwa, kama ule ulioanza Septemba 2023, hutokana na upungufu wa uzalishaji, na ni vigumu kumwonyesha mtu mmoja aliyezembea. Hitilafu ya gridi ya taifa nayo ni ngumu. Mwanza tuko mbali na mitambo mingi mikubwa. Umeme hutufikia kwa njia ndefu kupitia Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, kwa hiyo gridi ikianguka, kama ilivyotokea Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, sisi tunaumia pamoja na nchi nzima.

Madai yenye nguvu zaidi hutoka mtaani kwenu. Nguzo iliyooza ikaripotiwa mara mbili na isibadilishwe. Transfoma iliyokuwa ikitoa cheche wiki nzima. Na hasa waya wa nyutro uliokatika. Hili la mwisho tulieleze, maana huunguza vitu vingi na watu hawalijui. Nyumba ya kawaida hutumia fezi moja, yenye volti 230 hivi kati ya fezi na nyutro. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hubaki zimeunganishwa kupitia vifaa vyao wenyewe, na baadhi zinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Dalili zake: taa ya jirani inafifia huku ya kwako inawaka kwa ukali usio wa kawaida, kisha televisheni inatoa moshi. Ukiona hivyo zima swichi kuu mara moja, usisubiri kuulizana.

Ushahidi huanza usiku ule ule

Umeme ukikatika, piga simu shirika la umeme, TANESCO, namba 180, na uombe namba ya taarifa. Iandike kwenye daftari pamoja na saa uliyopiga. Piga tena baada ya saa kadhaa, andika tena. Daftari lenye mistari minne ya namna hiyo lina uzito kuliko barua ya kurasa mbili iliyojaa uchungu.

Usifungue friza kila dakika kukagua. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huweza kuhifadhi ubaridi kwa takriban siku mbili, iliyojaa nusu siku moja; friji ya kawaida ni saa nne tu. Ukiona muda unapita, okoa kinachookoka: uza kwa bei ya chini, kaanga, banika, au piga chumvi sangara wawe kayabo. Hapa kuna sheria pia. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinataka, katika kukadiria hasara, zitazamwe njia ambazo mdai alikuwa nazo za kuipunguza. Aliyeacha kilo zote zioze ili fidia iwe kubwa atakatwa.

Kabla ya kutupa, piga picha samaki wakiwa kwenye mizani, namba ya kilo ikisomeka. Mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aone, na aandike kwamba ameona.

Kifaa kikiungua, usimruhusu fundi aondoke na kipuri kibovu. Wengi hukichukua na huo ndio mwisho wa ushahidi. Maneno “friji imekufa” hayatoshi. Mwombe aandike ni sehemu gani imeungua, imeunguaje, na gharama ya kutengeneza, kisha aweke jina na sahihi. Halafu pita kwa majirani wa transfoma ileile. Nyumba tano zikiunguliwa vitu usiku mmoja, hoja kwamba friji yako ilikuwa mbovu tangu zamani inakuwa ngumu kuitetea.

Hesabu iwe ya kweli

Tuseme mama alinunua kilo 30 za sangara kwa sh. 9,000 kila kilo: sh. 270,000. Aliokoa kilo 12, akaziuza kwa sh. 4,000 kila moja, akapata sh. 48,000. Hasara yake ni sh. 222,000, na hiyo ndiyo namba ya kuandika. Faida aliyotarajia iandikwe mstari wa pili, peke yake, ili ikikataliwa isiangushe madai yote. Karatasi ndogo ya muuzaji wa mwaloni, hata iliyoandikwa kwa mkono, iambatishwe. Ujumbe wa malipo ya simu nao ni risiti.

Upeleke wapi

Barua ya kwanza iende ofisi ya TANESCO ya wilaya yako, ikiwa na namba ya mita. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua hiyo ni hadithi. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, peleka lalamiko EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Huko huhitaji wakili. Pande zote huitwa kusuluhishwa kwanza. Suluhu ikishindikana, shauri husikilizwa na kuamuliwa. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, husaidia kupanga madai. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani ndani ya siku 21. Anayetaka kwenda mahakamani ajue kwamba TANESCO ni shirika la umma: tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa madai ya friji moja, njia ya EWURA inatosha.

Wa visiwani wanaouziwa umeme wa jua na kampuni binafsi, kama ilivyoanza Bwisya, Ukara, mwaka 2016, waanzie kwa kampuni yenyewe. Msimamizi ni EWURA huyohuyo.

Mpangaji, ambaye mita imeandikwa jina la mwenye nyumba, aombe barua fupi ya mwenye nyumba inayosema nani anaishi hapo na nani hununua LUKU. Meseji za tokeni kwenye simu yako zisifutwe.

Ukikubaliwa malipo ya sehemu, soma karatasi unayopewa kabla ya kutia sahihi. Ikiwa inasema umelipwa na huna dai lingine, ukitia sahihi umemaliza, hata kama friji ililipwa na samaki hawakutajwa.