Krenki Iliyolika: Ukucha wa Fundi Hautoshi

Swali: Lori letu la kukusanya majani chai limepoteza presha ya oili. Fundi wa hapa Litein amefungua injini, akapitisha ukucha kwenye krenki, akasema isagwe. Tumwamini? – Msomaji, Kericho

Jibu: Asisage kabla ya kupima. Ukucha hunasa mkwaruzo, lakini haujui shingo ya krenki iliyopoteza uduara. Kila shingo ipimwe kwa maikromita karibu na ncha zote mbili, na kila mahali mara mbili kwa pembe ya digrii 90. Pembe zikitofautiana, imekuwa yai. Ncha zikitofautiana, imelika upande mmoja. Kitabu cha injini hiyo ndicho kitakachoamua.

Nyufa nazo zitafutwe kwa sumaku na unga wa chuma. Krenki yenye ufa haisagwi.

Kwa kawaida husagwa kwa hatua, milimita 0.25 kisha 0.50, na beringi nene zaidi hufungwa. Beringi hizo zipatikane kwanza! Msagaji aihifadhi kona ya mviringo shingo inapokutana na ubavu. Ikichongwa kali, krenki hukatikia hapo, hasa kwa lori linalopanda vilima vya Bomet na mzigo. Kabla ya kufunga, mashimo ya oili yasuguliwe kwa brashi na kupulizwa.