SOMO LA MWEZI: NDOVU WA UDZUNGWA NA MCHELE WETU



Mtu akiulizia mchele katika maduka ya mitaa inayozunguka Soko la Kariakoo, muuzaji humwonyesha magunia na kuyataja kwa majina ya kwao: huu wa Kyela, huu wa Mbeya, huu wa Ifakara. Atapimiwa, atalipa, ataondoka. Mwezi huu twataka kuufuata ule wa Ifakara hadi shambani, na kutoka shambani tupande mlimani, maana huko juu wako ndovu, na habari zao zatuhusu wakazi wa mjini kuliko tunavyodhani.

(Twasema ndovu kama tulivyozoea Pwani. Ndugu zetu wa bara husema tembo, neno ambalo kwa wazee wetu wengi lilikuwa ni habari ya mnazi.)

Mchele huo hutoka Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Ukisimama bondeni na kutazama magharibi, Milima ya Udzungwa imekaa mbele yako kama ukuta. Mwaka 1992 sehemu yake yenye kilometa za mraba 1,990 ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Mlimani huko hapapandwi kwa gari. Mgeni huenda kwa miguu. Msitu waanzia chini karibu na mashamba, kiasi cha mita 250 juu ya usawa wa bahari, ukapanda bila kukatika mpaka zaidi ya mita 2,000. Msitu wa namna hiyo ni adimu sana Afrika Mashariki.

Ndani yake wamo wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa wakiwachunguza mbega walisikia sauti ya mnyama wasiyemjua. Mwenyeji aliyewaongoza akawaambia, huyo ni ngolaga. Kwa wataalamu alikuwa ni kima mpya. Kwa watu wa Sanje hakuwa mpya hata kidogo.

Mwaka 2012 tuliwachukua wanafunzi wetu kwa gari moshi la TAZARA mpaka Mang'ula, tukiwaahidi ndovu. Siku tatu tulipanda na kushuka, hatukuona hata mkia. Tuliona njia zao tu, zimekanyagwa zikanyooka kuliko vichochoro vingi vya Ilala, tena katika miteremko ambayo sisi tulipita tukishika mizizi. Mahali fulani mwongozaji alisimama penye kinyesi kikavu, akakifukua kwa kijiti. Wanafunzi wakacheka. Kisha akawaonyesha mche mdogo wa kijani uliokuwa umechipua humo, na kicheko kikaisha.

Hilo ndilo somo lenyewe. Ndovu mkubwa hula kilo 100 hadi 150 kwa siku, na karibu nusu ya chakula hicho hutoka bila kusagika. Akila tunda hapa, mbegu huangukia mbali, tena pamoja na samadi yake. Iko miti yenye matunda makubwa ambayo ndege hawezi kuyameza wala kima kuyabeba. Hiyo humtegemea ndovu. Msitu nao hunasa mvua na ukungu, ukaachia maji polepole kwenda Mto Kilombero. Mto huo hukutana na Luwegu ikawa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Bwawa la Julius Nyerere liko katika Rufiji hiyo. Basi hata taa tunayosomea gazeti hili ina deni mlimani.

Lakini ndovu hakai mlimani mwaka mzima. Tangu zamani alishuka, akavuka bonde kwenda Selous, ambako tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kisha akarudi. Bonde hilo sasa limejaa reli, barabara, miwa na mpunga. Tusiwalaumu wakulima. Walilima kwa kuwa taifa lilitaka chakula, na sisi wa mjini ndio wenye kula. Njia za ndovu zikazibwa moja baada ya moja, naye akaanza kuingia mashambani usiku.

Katika safari ile mama mmoja alituonyesha shamba lake la mpunga. Kazi ya msimu mzima, palizi na kuwinga ndege, ilikuwa imelala matopeni kwa usiku mmoja. Alituuliza kama huko Dar es Salaam tunajua kwamba mchele una watu wanaoukeshea na debe la kupiga. Hatukuwa na jibu.

Wala mjini hatuna mikono safi. Ndovu wa Tanzania walihesabiwa kiasi cha 109,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walibaki kiasi cha 43,000. Wakati ujangili huo ukiendelea, Novemba 2013, meno ya ndovu 706 yalikutwa katika nyumba moja Mikocheni. Gawanyeni kwa mbili, mpate hesabu ya mizoga.

Siku hizi baadhi ya wakulima wa Udzungwa huzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoungwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki, hasa machoni na ndani ya mkonga. Ni dawa nzuri, ila mzinga mtupu ni pambo tu, na nyuki nao hutaka kutunzwa.

Jambo kubwa zaidi ni njia. Karibu na Mang'ula imeachwa njia ya ndovu kati ya mashamba, na wakulima waliokuwa humo wakalipwa fidia. Barabara ya Kidatu kwenda Ifakara ilipotengenezwa kwa lami, kivuko kilijengwa chini yake ili ndovu wapite chini, magari yapite juu. Ni njia nyembamba katikati ya bonde pana, na malori yanayopita juu yake yamebeba mchele wa kuja Kariakoo.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutasoma habari za chura wa Kihansi, ambaye naye ni mwenyeji wa milima hiyo hiyo, aliyepelekwa Marekani kisha akarudishwa kwao.