SOMO LA VIKUNDI: KUNUNUA NA KUUZA MASHINE KUUKUU ZA KAZI YA MABATI



Vikundi vingi vinavyotengeneza masanduku ya shule, majiko na karai huanza na nyundo, mkasi wa mkono na kipande cha reli cha kugongea. Hata pale Kamukunji, Nairobi, mafundi wengi hutumia vyombo hivyo hivyo. Kazi ikiongezeka, wanachama husema, "Sasa tununue mashine." Mpya ni ghali, basi macho yanaenda kwa ile iliyokwisha tumika.

Hilo si jambo baya. Mashine ya kukunja mabati yenye umri wa miaka 40 yaweza kufanya kazi miaka mingine mingi, kwa maana haina vitu vingi vya kuharibika. Lakini pia iko mashine iliyopakwa rangi mpya, kumbe mwili wake umepasuka. Pesa za kikundi ni jasho la watu wengi: za mayai, za mboga, za vibarua. Kwa hivyo shikeni neno hili moja: msilipe mpaka mashine ikate na kukunja bati lenu wenyewe, mbele ya macho yenu.

1. ANZENI NA KAZI YENU

Kabla ya kutoka kwenda kutafuta, andikeni mambo matatu: mnatengeneza nini, kwa bati la unene gani, na upana gani.

Kumbukeni kwamba geji yenye nambari kubwa ni bati jembamba. Bati la geji 30 ni kama milimita 0.3, na la geji 16 ni kama milimita 1.5. Unene ukiwa mara mbili, nguvu ya kukunja huhitajika kama mara nne. Ndiyo sababu mashine ya kukunja bati la masanduku huharibika mtu akiilazimisha kukunja chuma cha mlango. Bati bapa la kawaida ni futi 8 kwa futi 4, basi mashine ya futi 4 inatosha upana wake. Ya futi 3 itawasumbua kila siku.

2. PIGENI HESABU YOTE

Bei anayotaja muuzaji ni mwanzo tu. Tuchukue mfano (weka bei za kwenu):

Bei ya mashine: sh. 60,000
Fundi wa kukagua: sh. 2,000
Lori: sh. 9,000
Watu wa kupakia na kushusha: sh. 3,000
Saruji na bolti za kuifunga chini: sh. 4,000
Kunoa visu: sh. 6,000
Jumla: sh. 84,000

Sasa tuseme kila sanduku linawaachia faida ya sh. 300. Ili kurudisha sh. 84,000 mnahitaji kuuza masanduku 280. Lakini angalieni hapa, maana wengi hukosea: msihesabu masanduku mnayouza tayari kwa kazi ya mikono. Hesabuni yale ya ziada peke yake. Mkipata soko la masanduku 20 zaidi kila mwezi, mtamaliza kwa miezi 14. Kama hakuna mnunuzi wa ziada, mashine itakaa tu ikishika kutu. Pia masanduku ya shule yana msimu wake, hasa wanafunzi wanapoanza mwaka. Baada ya hapo soko hupoa.

3. IKAGUENI KWA MACHO NA KWA MIKONO

Nendeni watu watatu: mweka hazina, mwanachama mmoja na fundi asiyejuana na muuzaji. Mlipeni fundi huyo nyinyi wenyewe. Bebeni bati lenu, rula, guniya, chaki na mafuta ya taa kidogo.

Mwili: Mashine nyingi za zamani zina mwili wa chuma cha kumimina, ambacho kikipasuka ni vigumu kukichomelea kikashika. Tafuteni alama za kuchomelewa. Mkishuku mahali, pakeni mafuta ya taa, pangusa vizuri, kisha pakeni unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka ndani yake na kuchora mstari kwenye chaki. Mkiona mstari huo, shukuruni na mwende zenu.

Mashine ya kukata: Kateni bati jembamba kutoka mwanzo wa kisu hadi mwisho. Ukingo ukiwa na makwaruzo au umepinda, kisu ni butu au nafasi kati ya visu si sawa. Makosa haya hutengenezeka, lakini ombeni bei ipunguzwe. Mulizeni pia kama visu vinaweza kugeuzwa upande mwingine, kwa kuwa vingi vina zaidi ya upande mmoja wa kukatia.

Mashine ya kukunja: Kunjeni bati la urefu wote wa mashine. Pimeni kona kushoto, katikati na kulia. Kona ikiwa wazi zaidi katikati, boriti limepinda. Mwambieni muuzaji akaze bolti za kurekebisha. Isiponyooka, iacheni.

Mashine ya kuviringisha: Viringisheni bati liwe bomba. Likitoka kama faneli, roli hazilingani. Zikirekebishwa na bado ni faneli, huenda roli moja imepinda.

Kinga: Angalieni kama kinga ya vidole mbele ya kisu na kifuniko cha mikanda na giya vipo. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu za hatari zizibwe. Kama hazipo, gharama ya kuzitengeneza iingie katika hesabu kabla mtu hajaigusa. Kidole kikikatika hakuna faida inayokirudisha.

4. STIMA

Someni kibati kilicho kwenye mota. Stima ya nyumbani ni volti 240. Mashine kubwa nyingi hutaka volti 415 za nyaya tatu, na vijiji vingi havina laini hiyo. Kubadilisha mota ni gharama nyingine. Mashine kutoka Marekani huenda imetengenezewa stima ya hezi 60. Hapa kwetu ni 50, kwa hivyo mota yake huzunguka polepole zaidi. Kwa kikundi kinachoanza, mashine ya kukanyaga kwa mguu au kuvuta kwa mkono mara nyingi ndiyo inayofaa. Haina bili.

5. KARATASI

Mali ya wizi hubaki ya mwenyewe, hata kama nyinyi mlilipa kwa moyo safi. Takeni risiti ya zamani, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na mwandike nambari ya mashine. Tena, chini ya sheria ya mwaka 2017, mashine inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo huku mwenyewe akiendelea kuitumia. Iko daftari ya serikali ya dhamana hizo katika ofisi ya usajili wa biashara. Ulizeni huko kuhusu muuzaji, msije mkanunua deni la mtu.

Mapatano yaandikwe, mashahidi watie sahihi, na uamuzi uingie katika kumbukumbu za mkutano.

6. MKIWA NYINYI NDIO WAUZAJI

Isafisheni, itieni grisi, lakini msifiche ufa kwa rangi. Mwacheni mnunuzi aijaribu. Andikeni ubovu unaojulikana katika mapatano. Hapo hatakuja kesho kulalamika ati alidanganywa. Bei iamuliwe na mkutano wote, wala isiwe siri ya mwenyekiti na mnunuzi. Mkumbuke anayenunua huenda ni kikundi kama chenu, chenye akiba ya mayai na mboga.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Siku moja ya kukagua ni afadhali kuliko miaka ya kujuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tunauza vitu vingapi kwa mwezi sasa, na nani atanunua vya ziada?
2. Ni fundi gani tunayemwamini, asiyepata chochote kwa muuzaji?
3. Mashine itakaa wapi, na nani ataitunza?
4. Kikundi kikivunjika, mashine itakuwa ya nani? Andikeni jibu kabla ya kununua.